Kalamu Kabla ya Maneno

Kemunto mjukuu wangu,

Huku Keumbu tu wazima, na dada yako amejifungua salama. Unauliza kama mashirika ya kiraia kama lenu husikilizwa kweli Umoja wa Ulaya unapotunga sera huko Brussels, au mnaitwa tu mkutanoni.

Nikiwa msichana, wachumaji chai tuliitwa kutoa maoni. Tukapewa soda, tukatia sahihi karatasi ya mahudhurio, tukarudishwa nyumbani bila kuulizwa neno. Kesho yake karani wa kiwanda cha chai akaonyesha karatasi hiyohiyo: eti tumekubali kituo cha kununulia chai kihamishiwe ng'ambo ya mto. Nikikumbuka, mpaka leo nachemka.

Mkutano uliofuata, mama yangu aliisukuma kando kalamu ya kutia sahihi. "Nitasema kwanza," akamwambia karani. Sote tukakunja mikono, naye karani akaandika kwanza tuliyosema.

Basi niambie: huko Brussels kalamu huja kabla hamjasema, au mkishasema?

Nyanya yako