Nimeyeyusha uso wa kapiteni

Jumanne, saa tisa mchana. Mvua.

Imepiga bati tangu asubuhi, na sasa imebaki ile ndogo isiyoisha. Maji ya matope yanateremka kwenye ngazi za udongo mbele ya nyumba yetu, na mtaa wote wa Kadutu umejifungia ndani. Kutoka dirishani naona kipande cha ziwa. Ni cha kijivu, kama kapiteni wetu wa plastiki alivyokuwa kabla sijamgusa.

Siku tisa sijamjibu Furaha.

Naandika hapa kwa sababu blogi hii haina wasomaji. Wiki iliyopita walikuwa watatu, na nadhani wawili ni mimi: mara moja kwa simu yangu, mara moja kwa simu ya maman.

Furaha alikuwa mwenzangu wa benchi miaka yote ya sekondari, na kusema kweli hakuna rafiki mwingine niliyekuwa naye. Mimi si mtu wa kuzungumza. Yeye alizungumza kwa niaba yetu wawili. Mwaka jana tonton wake, mjomba anayeishi Ubelgiji, alimletea sanduku la mchezo wa vita wa mezani: wapiganaji wa plastiki wenye urefu wa kidole gumba, ramani, dadu, na kitabu cha sheria kwa Kifaransa. Wapiganaji hao wanakuja bila rangi. Unatakiwa uwapake mwenyewe, mpaka vifungo vya koti. Sisi hatukuwapaka. Tulicheza nao hivyo hivyo, juu ya kitanda chake kule Bagira, Jumapili baada ya misa, Furaha akiwapigia kelele kama jenerali.

Mwezi wa tatu familia yake ilihamia Kampala. Kabla hajaondoka tuligawana jeshi nusu kwa nusu. Tukakubaliana kila mtu apake nusu yake, na siku tutakapoonana tena tutacheza na jeshi lenye rangi. Ila kapiteni ni mmoja tu. Furaha aliniwekea mkononi.

"Weye iko na mukono mutulivu," alisema. "Miye nitamuharibu."

Mimi nikabaki, nikafanya mtihani wa serikali, nikapita. Siku ya matokeo hapa kwetu aliyepita anamwagiwa poda nyeupe kichwani, na barabara zinajaa vijana kama waliotoka ndani ya gunia la unga. Tulikuwa tumeahidiana kumwagiana, mimi na yeye. Nilimwagiwa na maman, mlangoni, kopo moja kutoka kwenye bidhaa anazouza sokoni. Kisha nikasimama pale na poda yangu. Sikujua niende kumwonyesha nani.

Tangu siku hiyo nangoja chuo kifunguliwe. Maman anaenda sokoni, mimi nabaki, na nyumba inakuwa kimya sana. Ndiyo maana nilianza kupaka.

Nilinunua tyubu tano za rangi kwenye duka la vifaa vya shule mjini. Brashi niliipunguza kwa wembe mpaka zikabaki nywele chache. Wapiganaji wa kwanza ni aibu. Niliipaka rangi jinsi ilivyotoka kwenye tyubu, nzito kama bugali, ikajaa kwenye mikunjo ya koti, na mmoja wao hujui mkono unaishia wapi na bunduki inaanzia wapi. Wa sita ndiye aliyenifundisha. Rangi inachanganywa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Unapaka mara moja, unangoja ikauke, unapaka tena.

Kungoja, hilo naliweza.

Nilipoona mkono umezoea, nikamchukua kapiteni. Koti lake la buluu lilitoka vizuri, nasema bila kujisifu. Shida ilikuwa macho. Nilipaka moja likatazama Rwanda, la pili likatazama soko la Kadutu. Nikarekebisha. Nikarekebisha tena. Kufikia adhuhuri uso ulikuwa umefunikwa na rangi hata pua haionekani, na nikawaza kuuondoa wote nianze upya.

Maman anauza vitu vya urembo: mafuta, poda, rangi za kucha, na disolva, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Anainunua nyingi kwa pamoja, kisha anaigawa kwenye chupa ndogo. Chupa za kioo tu. Tangu nikiwa mdogo namwona akikataa vikopo vya plastiki, akitafuta za kioo, akiziosha, akizipanga juani zikauke. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Na sekondari nimesoma biokemia miaka minne.

Nililowesha pamba kwa disolva, nikasugua. Rangi ilitoka mara moja. Nilifurahi kwa muda mfupi sana, halafu pua ikatoka nayo. Uso ukalainika kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji. Nilijaribu kuushika usiteleze zaidi, na sasa mahali pa mdomo pana alama ya kidole changu.

Siku hiyo hiyo jioni Furaha alituma ujumbe wa sauti: "Noela, kapitene iko namna gani? Nitumie picha, ata kama iko mubaya. Huku nilirudia darasa, kila kitu kwa Kiingereza, na sina mutu wa kucheka naye."

Nikaandika "Bado kidogo." Nikafuta. Kesho yake nilimpiga kapiteni picha ya mgongo. Mgongo wake ni mzuri kweli. Nikaona nikituma hiyo nitakuwa nimedanganya, nikaifuta pia. Siku zikapita.

Jana akaandika: "Unanyamaza juu ya nini? Nilikukosea?"

Nimeisoma mara nyingi. Hajanikosea kitu. Mimi ndiye niliyeharibu, halafu nikamwacha afikiri kosa ni lake.

Leo kwa sababu ya mvua maman hakwenda sokoni. Amenikuta dirishani na kapiteni mkononi.

"Na huyu, nani alimupiga?"

Nimemwambia. Disolva.

Amecheka mpaka ameketi kitandani. "Disolva juu ya plastiki! We mutoto! Unawaza miye natafutaka chupa za kioo juu ya uzuri?"

"Sikujua, maman."

"Hapana. Haukuuliza. Miaka yote unaniangaliaka tu, kimya, sawa mugeni."

Hakusema kwa ubaya. Akamchukua kapiteni, akamgeuza, akauliza ni wa nani. Nikamweleza habari za Furaha, na za siku tisa. Hapo kicheko kikaisha.

"Basi mutoto wa batu iko kule anajiuliza alikosa nini," akasema. "Juu ya kapua ka plastiki."

Kisha akajitolea kukata kipande cha kitambaa tumfunge kapiteni usoni, kama wale wa pikipiki wakati wa vumbi. Ni wazo zuri. Nimemwambia angoje. Furaha amwone kwanza hivi alivyo.

Nimempiga picha ya mbele, karibu kabisa, alama ya kidole inaonekana. Nimetuma. Halafu nimerekodi sauti, ingawa sipendi sauti yangu, kwa sababu nikiandika nafuta. Nimesema nimeyeyusha uso wa kapiteni wetu, kwamba yeye hajanikosea, kwamba niliona aibu. Nimesema siku ya poda nilimtafuta kwa macho huku nikijua hayupo. Mwishoni nimemuuliza: uso huu tuufanye nini? Sema weye.

Alama ya ujumbe ni moja tu, ya kijivu: bado haujamfikia. Labda ni mtandao, mvua ikinyesha hapa unapotea. Labda Furaha amechoka kungoja. Maman anapika, anaimba nyimbo za kanisa na kuruka maneno asiyoyajua. Kila baada ya muda anauliza kutoka jikoni, "Amejibu?" Nasema bado. Leo nimesema "bado" kwa sauti mara nne, zaidi ya maneno yangu yote ya wiki iliyopita.

Nimemsimamisha kapiteni kwenye ukingo wa dirisha. Nimechanganya nyeusi na maji, nyepesi, nami nampaka viatu. Usoni simgusi. Uso huo sasa ni wetu wawili, na mimi nimeshaamua peke yangu vya kutosha.

Ikifika kesho bila jibu, nitamuuliza tena.