Umeipa Picha Maneno Matatu Tu

Mke mwenzangu Hadija,

Wewe mtoto huna haya. Mvua zimekuja zimeondoka, alizeti imevunwa na kukamuliwa, na kiti chako hapa uani sasa wanakalia kuku. Kazi yako kupiga simu tu, "Shikamoo bibi, uko salama bibi," halafu ofisi inakuita. Marahaba. Lakini marahaba ya kwenye simu haimshibishi mtu.

Maneno haya ni yangu, anayeyaandika ni jirani yetu Mama Shabani, kwenye simu yake. Alitaka ayaandike kwenye karatasi, aipige picha, akutumie. Nikamkatalia. Nikamwambia Hadija haoni tangu alipougua surua utotoni, na simu yake humsomea maneno, haimsomei picha ya maneno. Si ulinieleza mwenyewe? Kuna kitabu kilichopigwa picha kurasa zake tu, simu ikikifungua inanyamaza kama mtu aliyefumaniwa. Na kuna hicho mnachotengeneza ofisini kwenu huko Dar, sijui mnakiita ipabu, ambacho maneno yamo ndani hasa, msomaji anaruka sura kwa sura, na kila picha imeandikiwa maelezo ili asiyeona asikie kilichochorwa. Mama Shabani amebaki mdomo wazi. Mimi, nisiyeijua hata a!

Unakumbuka tulivyokuwa tunasoma sisi? Likizo moja ulikuja na kitabu cha kawaida, umeazimwa na mwenzako wa bweni. Wewe macho huna, mimi shule sina. Shangazi yako akatucheka mpaka akakaa chini: "Jamani njooni muone, vipofu wawili wanasoma!" Nikamwambia apite na ndoo yake. Herufi tukawaachia wenyewe, sisi tukasoma picha.

Nikakuambia, hapa kuna mwanamke anachota maji. Ukauliza, "Bibi, ndoo imejaa?" Nikatazama. Haijajaa. "Amevaa viatu?" Hana. "Kuna mtu anamsubiri?" Nikatazama tena, na kweli, nyuma ya mti palikuwa na mtoto, kichwa tu, mimi nilishampita. Ukapiga makofi. "Anamfuata mama yake kwa siri!" Hadija, nilikuwa na macho miaka yote ile na hakuna aliyewahi kuniuliza nimeona nini. Huyo mume wetu, babu yako, Mungu amrehemu, aliuliza ugali tu.

Sasa hicho kitabu cha darasa la pili ulichonitumia, ulichosema umekitengeneza kwa mikono yako. Mama Shabani alinifungulia kwenye simu, akaniachia akaenda zake, nikakaa nacho jioni peke yangu. Sauti ya hiyo simu ikisoma ni ya mtu mwenye mafua, lakini nyumba hii imekosa sauti, hata ya mafua naipokea. Ikasoma vizuri. Ikafika kwenye picha, ikasema, "Mwanamke anapepeta uwele." Ikaendelea na safari zake.

Nikangoja. Nikasema, eh, ndiyo basi? Upepo unatoka wapi? Makapi yanamwangukia nani? Amefurahi au amechoka? Simu iko ukurasa mwingine huko. Nikajikuta naihoji simu kama mwendawazimu. Nikamfikiria mtoto mmoja asiyeona, yuko shuleni mahali, naye anauliza hivyo hivyo na hakuna wa kumjibu. Nikalia, ndiyo, nililia. Usimwambie shangazi yako.

Nilipokupigia ukajitetea. "Bibi, mimi hizo picha sizioni. Naandikiwa na wenzangu wenye macho, na wao wanasema maelezo marefu yanachosha."

"Yanamchosha nani?"

Ukakimbilia kuniuliza habari za kuku. Nikajua hata wewe hujatosheka. Wasalimie hao wenzako, waambie macho yenyewe wamepewa bure, wayatumie.

Kuna jambo sikukuambia siku hiyo. Nilikwenda hospitali mjini, wakasema nina presha ya macho. Pembeni kumeshafunga. Mtu akija kwa ubavuni simwoni mpaka anisalimie, na mlango nimeugonga kwa bega mpaka bega limezoea. Katikati bado naona sawasawa. Daktari kanipa dawa ya matone, akasema yanalinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Giza lenyewe silihofii sana, maana nimekulea wewe humo na umecheka humo. Ninachohofia ni macho yaniishie kabla hujaja kuniuliza, halafu tukae wawili na kitabu, pasiwe na wa kumwona mtoto nyuma ya mti.

Basi usije kwa huruma. Huruma ninazo za majirani, zinatosha kugawia kijiji. Njoo kwa sababu una kazi na mimi. Wewe ndiye mwenye maswali, mimi bado nina macho kidogo, na huko shuleni kuna watoto wanaosubiri.

Ukija usilete sukari wala kanga. Leta kile kitabu cha karatasi chenye picha zenyewe, pamoja na mashine yako ya kuandikia. Anza nami asubuhi, mwanga ukiwa mkali. Na tiketi ya kurudi usiikate mpaka tumefika ukurasa wa mwisho.

Mimi bibi yako,
mke mwenzako asiye na wivu