Udongo wa Kitaluni kwa Mama

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Kaka yangu mpenzi,

Habari za huko ugenini? Kikohozi kimekuachia? Na yule mwenzako wa chumba, bado anakoroma kama trekta? Mimi mzima. Mama ni mzima wa mwili. Binti yako Kibonge anacheza, ila kuna jambo lake, na ndilo lililonitoa chuoni katikati ya muhula. Kaa chini ndipo usome. Hajafa mtu.

Unajua nasoma Kilimo na Maliasili, ile kozi uliyonicheka nayo. Muhula huu tuna somo la udongo. Mwalimu wetu, mama mmoja asiyecheka hata akitekenywa, alituambia kila mtu alete kopo la udongo wa kwao tuupime maabara. Nikachota kitaluni kwa Mama, pale penye mchicha unaofika kiunoni. Nilikwenda nao kwa maringo. Wenzangu wameleta mchanga na kokoto, mimi udongo mweusi, laini, wa kupigia picha.

Majibu ya wenzangu yalisomwa darasani. Mimi niliitwa ofisini. Mwalimu aliuliza swali moja tu, nani anakula kutoka hapo. Nikamjibu, sisi, na mtaa wote unanunua kwetu. Akavua miwani. Kaka, udongo wetu umejaa madini ya risasi, yale yanayowekwa kwenye betri za magari. Ni sumu. Alinituma nikachote tena kila kona, na majibu yakawa yale yale. Upande wa ukutani ndio usiseme.

Unamkumbuka aliyekaa nyuma ya ukuta ule. Yule fundi betri aliyekuwa akiyeyusha risasi kwenye sufuria na kumwaga uchafu wake upande wetu. Alihama zamani tukamsahau, kumbe alichomwaga bado kipo.

Nilipomwambia Mama, nilikiona cha moto. "Sumu gani inastawisha mchicha hivi?" akaniuliza. "Nimekupeleka chuo uje kuninyang'anya jembe?" Nikamweleza kuwa mmea unaweza kupendeza macho na bado ukawa na sumu, na kwamba vumbi la pale lenyewe halifai. Akasema, "Nyinyi mmekula mboga hizo hizo na mmekua, tena wewe kilichokua zaidi ni mdomo." Baada ya hapo tukawa tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Hofu yangu ilikuwa Kibonge. Mama akipalilia, mtoto yupo matutani, mikono na udongo wake mdomoni. Karibuni alianza kukataa chakula na kulialia tumbo. Mama akasema ni minyoo. Basi nikadanganya kwamba nampeleka kupimwa uzito, nikampeleka kupimwa damu. Nisamehe, wewe ndiye baba yake na sikukuuliza. Niliogopa ungempigia Mama kwanza, naye angekataa katakata.

Majibu yametoka. Sumu imo kwenye damu yake, na ni nyingi. Daktari hakumlaza. Amesema kwanza aondolewe kwenye udongo ule, ale vizuri, kisha arudishwe kupimwa tena. Nikamuuliza kama atakuwa sawa. Akasema bado mdogo na huenda tumewahi, lakini sumu hii hugusa akili ya mtoto, na hawezi kuniahidi kitu. Sikufichi, ndivyo alivyosema, na mimi sijalala vizuri tangu hapo. Nimempeleka kwa Shangazi, kwenye ua wa saruji. Naomba ridhaa yako abaki huko.

Mama aliposikia alivaa mabuti, akaingia kitaluni, akang'oa mchicha wote, tuta kwa tuta, na kuufukia shimoni. Halafu akatoka nyumba hadi nyumba kwa wateja wake, kuwaambia wasipike walichonunua na wawapeleke watoto hospitali. Wengine walimshukuru. Mmoja alimtukana mbele ya watu, na Mama akasimama pale pale mpaka yule mtu akamaliza. Kesho Mwalimu anakuja na watu wa afya kupima nyumba zote zinazopakana na ukuta ule.

Shangazi anakusalimu sana na anasema usikonde, mtoto yuko mikononi mwake. Mjomba fundi cherehani anauliza kama ile suruali ilikutosha au umeanza kitambi. Mungu akulinde huko uliko, na amlinde binti yetu zaidi yetu sote.

Nilitaka kuishia hapa, ila Mama amekuja kukaa ubavuni kwangu, anataka niandike na lake. Anasema hivi: "Mwulize kaka yako, zile asubuhi za shule alipokuwa akijikunja na kushika tumbo, nami nikamchapa nikisema anakwepa. Na yale masomo yasiyomwingia, nikamwita mzito wa kichwa mbele ya wageni. Mwulize, ilikuwa ni sumu hii?"

Nimemwambia hilo hakuna awezaye kulijua sasa. Amesema hakuniuliza mimi.

Mpigie, kaka. Ila usikimbilie kumwambia hapana, atajua unamhurumia.

Akupendaye siku zote,
Kitinda mimba wenu