Jina la Useni kwenye Karatasi

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Nimepima mifuko ya muchele tangu asubuhi. Mugongo unauma. Patroni wa mashine ya muchele amebadilisha mutuelle ya matibabu yetu, hakuuliza muntu. Docteur Amuri hayuko kwenye liste mupya. Zaidi ya miaka makumi mbili ananipima tansio ya damu, sasa nianze na muntu nisiyemujua kama bibi-arusi! Nimekasirika. Vidonge vimebaki vya siku sita.

Jumatano, tarehe 6 Machi
Docteur mupya ni mwanamuke wa Butembo, Kahindo. Kijana kuliko viatu vyangu. Mikono laini, lakini. Tansio iko juu sana. Akauliza na kuandika, akauliza na kuandika. Watoto wangapi? Nikasema wawili, mapacha, Asani na Useni, wote hawajaoa. Asani anachimba zahabu kule mugodini Kama. Na Useni? Nikasema alienda kutafuta kuni. Akaandika tu kwenye fishi, karatasi ya mugonjwa.
Muntu wa kwetu angeelewa palepale na kunyamaza. Kwetu pacha hasemwi amekufa. Ameenda kutafuta kuni, na mama halii. Akilia, yule mwingine anafuata.
Sasa mutuelle inataka kila mutoto asiyeoa wa kwenye fishi aje kupigwa picha, ao karatasi ya kuonyesha kwa nini haji. Bila hiyo hakuna karte ya matibabu. Bila karte hakuna vidonge. Nilitoka na jasho.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Nilienda kwa Docteur Amuri, nyumbani kwake. Amezeeka. Yeye njo alimushika Useni wakati wa vita, gari-moshi haifiki, dispansari haina hata seromu ya kutia mushipani. Malaria. Miaka mitatu tu alikuwa nayo. Alimufunga macho, na kwenye fishi yangu akaacha «watoto 2» mpaka leo. Hakunilazimisha kusema kitu.
Leo amesema ataandika karatasi ya kifo, ila muntu wa jamaa lazima aseme mwenyewe kwa mutuelle na kutia sahihi. Mume wangu ni marehemu. Nimebaki mimi, na Asani siwezi kumutuma kusema hayo. Nikamwambia sisemi. Nilimuchukia kidogo.
Asani anashuka chini ya udongo kila siku. Nifungue hiki kinywa, mimi mama yake, kesho shimo limwangukie? Aka! Heri nife mimi.

Jumanne, tarehe 12 Machi
Vidonge viliisha Jumamosi. Kichwa kinagonga. Nimeanguka karibu na mizani, mbele ya kila muntu. Aibu. Wenzangu wakamupigia Asani simu. Nani aliwatuma?

Jumatano, tarehe 13 Machi
Docteur Kahindo alikuja mwenyewe kunipima. Anasema mushipa wa kichwa unaweza kupasuka. Akatoa mukobani mwake vidonge vya siku tatu. Si muntu mubaya. Hajui tu. Nilitaka kumweleza, ulimi ukakataa.

Alhamisi, tarehe 14 Machi
Asani amefika na pikipiki, matope mpaka masikioni. Furaha. Nikamugombeza kwanza, kisha nikamweleza yote. Akaenda kwa Docteur Amuri kuchukua karatasi, halafu kwa mutuelle. Nilimufuata nikimuvuta shati njia nzima, watu wanacheka.
Akasema pale mbele yao: «Nilizaliwa na ndugu yangu Useni. Alikufa wakati wa vita.» Akatia sahihi. Nikamupiga kofi, muntu mukubwa wa ndevu.
Njiani akaniambia: «Mama, tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Hamukuniambia kitu. Kila magharibi nilikuwa nasimama mulangoni, nangojea arudi na zile kuni. Ulifikiri nilisahau?»
Mimi nilikuwa namukinga, kumbe nilimuacha peke yake mulangoni. Nimeumia sana.

Jumamosi, tarehe 16 Machi
Karte imetoka. Mutoto mumoja. Nimeisoma mara nyingi. Asani amerudi mugodini Kama. Nilimukataza, akanikumbatia, akaondoka. Woga tupu.

Jumapili, tarehe 17 Machi
Asani alipiga simu asubuhi. Amefika muzima. Nikakunywa kidonge.
Halafu nikafunga mulango na nikalia. Nilisema nitalia kidogo tu, lakini haikuwezekana. Nikamwita Useni kwa jina lake, kwa sauti. Alikuwa anapenda ukoko wa wali, tena ule mweusi. Alikuwa anapigana na ndugu yake juu ya ukoko.
Jirani yangu Mama Zaina akagonga, akauliza nani amekufa. Nikamwambia mutoto wangu, Useni. Hakuuliza lini. Akavua kandambili, akakaa chini pamoja nami.