Bunduki Aliyoichagua Mama Filomena

Weston, Toronto
Jumatatu, wiki ya pili baada ya Pasaka

Baba yangu,

Shikamoo. Na mama naye shikamoo yake, maana najua umekaa barazani unamsomea kwa sauti na yeye anakukemea usiruke mistari. Goti linasemaje? Usinijibu "salama tu" kama kawaida yako. Niambie kama umeanza kwenda kanisani kwa miguu au bado Deo anakupakia kwenye baiskeli. Na mama, dawa ya presha anakunywa kila siku, au siku anazokumbuka? Mahindi je, mvua imewatendea haki mwaka huu huko Namtumbo?

Sisi tupo, tunapumua. Theluji imeyeyuka, na mto unaopita nyuma ya ghorofa letu umejaa maji ya matope hadi unanikumbusha nyumbani. Mkweo Joakimu bado yuko kwenye useremala, mgongo unamsumbua kidogo lakini anakula vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa na habari mbaya nikakuficha. Kile kiwanda cha kufungasha kuku kilipunguza watu mwaka jana, nami nikawa mmoja wao. Nilikaa nyumbani miezi mitatu naangalia ukuta. Ulipokuwa unapiga simu nikasema nipo kazini, nilikuwa jikoni nimevaa kanga. Unisamehe. Sikutaka ulale na mawazo.

Sasa naweza kusema kwa sababu nimepata kazi nyingine, na kazi yenyewe, Baba, kaa vizuri kwanza: nauza bunduki.

Mama asishtuke. Ni duka la vifaa vya uwindaji na uvuvi huko Richmond Hill, kaskazini ya hapa. Mbele tunauza ndoano, mabuti na makoti ya mvua, na nyuma kuna kaunta ya bunduki. Mwenye duka anaitwa Walter, mzee mrefu mwenye maneno machache. Siku ya usaili aliweka bunduki juu ya kaunta akaniambia niishike. Nikaelekeza mtutu ukutani, nikafungua chemba, nikaingiza kidole kuhakikisha haina kitu. Hakuuliza swali la pili. "Njoo Jumatatu," akasema. Vijana wawili walionitangulia walikuwa wameinyanyua na kulenga taa. Kwa hiyo zile Jumamosi ulizotukalisha mimi na Deo tukusaidie kusafisha bunduki ya serikali, enzi zako za uaskari wa wanyamapori, ndizo zilizonipa kazi Kanada.

Sasa nikupe kisa chenyewe, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu badala ya simu.

Siku moja mwezi wa kumi, mchana, waliingia wazee wawili, mume na mke, Wagoa. Mume mfupi, mnene, koti limefungwa hadi shingoni. Mke mwembamba, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Bwana akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba anataka kuona shotigani za pampu, zile ambazo unavuta kishikio cha mbele nyuma na kukirudisha ili risasi ipande. Nikamtolea mbili ambazo wateja huziulizia zaidi.

Wewe ungezipenda, Baba. Ya kwanza mwili wake ni chuma kitupu. Nzito, lakini uzito huo unapunguza teke begani unapofyatua, na usalama wake, kile kizuizi cha kuifanya isifyatuke ovyo, ni kitufe kilicho nyuma ya kifyatulio, unakisukuma kwa kidole cha shahada. Ya pili mwili wake ni wa alumini, nyepesi, inapiga teke zaidi, lakini usalama umewekwa juu, pale pale gumba linapolala lenyewe. Watu hubishana juu ya hizo mbili kama watu wa Songea wanavyobishana juu ya timu za mpira.

Nikawa naeleza hayo, mara mke akamgeukia mumewe, akasema kwa Kiswahili fasaha kabisa:

"Caetano, mtu mwenyewe mende humwezi, waniita mimi. Bunduki utaifanyia nini?"

"Filomena, hebu nyamaza. Huyu binti atatuona washamba."

"Hasikii huyu. Nami sahihi sitii. Nenda kalale na hilo lichuma lako kwa padri."

Nilitazama chini. Nikauma mdomo. Nilijua nikicheka tu nimeharibu, lakini yule mama akaendelea: "Na binti mwenyewe mzuri, masikini, kazi gani hii wamempa?"

Nikasema, "Asante, mama. Shikamoo."

Baba, natamani ungeona! Mama Filomena alishika kaunta kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye tetemeko la ardhi. "Marahaba! Yesu na Maria! Mwenyeji wa wapi wewe?" Nilipomwambia Namtumbo, mzee akacheka hadi akafungua vifungo vya koti. Wao ni wa Tanga. Yeye alikuwa karani wa reli, mkewe mwalimu wa watoto wadogo, na wako hapa tangu wakiwa na nywele nyeusi. Wanakaa Unionville.

Ndipo wakanieleza shida yao kwa lugha ya nyumbani. Jirani wa ng'ambo ya barabara alivunjiwa mlango asubuhi kweupe. Vijana waliofunika nyuso walitaka funguo za gari tu, wakazipata, wakaondoka. Hakuna aliyeumizwa, lakini tangu siku hiyo Mzee Caetano akawa halali vizuri, anazunguka na kujaribu makomeo. Mwisho akaamua: atanunua bunduki. Alikuwa ameanza kujaza maombi ya leseni, na kwenye fomu za hapa mwenzi wako anatakiwa naye aweke sahihi. Mama Filomena alikuwa amekubali kuja kuiona kwanza, basi.

"Mwambie na ya Orlando," Mama Filomena akasema.

Mzee akageuka akatazama mabuti.

"Basi nitamwambia mimi. Orlando ni mwanetu. Ana funguo zake, hupita kula akitoka kazini. Juzi kaja saa nane mchana, mlango wa nyuma, mie niko sokoni. Huyu kaamka kwenye kiti, kasikia vyombo, kachukua fimbo ya gofu. Hakuuliza. Kampiga mtoto bega, mfupa ukapata ufa." Alikuwa ameanza kwa kicheko, akamalizia sauti imekatika. "Mkono uko kwenye bendeji hadi leo. Na ilikuwa fimbo."

Masikio ya mzee yalikuwa mekundu. Kisha akasema polepole, bila kunitazama: "Sasa mie nifanyeje, binti? Nikae nimwogope mtu mlangoni kwangu mwenyewe? Nina miaka sabini na sita. Nguvu za kumsukuma mtu sina tena."

Baba, hilo swali lilinichoma. Kazi yangu ni kuuza. Na hofu yake haikuwa ya kuchekwa. Nikakukumbuka wewe, nikawasimulia ile asubuhi ya ukungu kwenye mahindi ya Mzee Komba, ulipoitwa kwa sababu ya nguruwe pori. Nilisimulia kama nilivyoisikia kwako, unisahihishe kama nimeongeza chumvi. Nikasema mabua yalitikisika, watu wote wakapiga kelele, "Piga, hao hapo, piga!", na baba yangu akiwa na bunduki begani akakataa, akaita, "Nani?" Akaita mara ya pili. Akatokea Bi Sofia na ungo wa uyoga, akamtukana baba yangu nusu saa nzima kwa kumshtua.

"Baba yangu alikuwa macho, ana mafunzo, na ni mchana," nikamwambia. "Hata hivyo aliita kwanza."

Walter alikuwa amesogea, ameona uso wa mama yule. Nikamtafsiria kwa kifupi. Akafikiri, akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema: kwamba sheria ya hapa inataka bunduki ikae nyumbani bila risasi, imefungwa kwa kufuli. "Basi ajaribu," akasema. Akafungia ile nzito kwenye kabati la duka, risasi bandia akaziweka kwenye droo yenye ufunguo mwingine, akampa mzee funguo zote na kumkalisha kwenye kiti cha kambi mwisho wa duka.

"Fumba macho, umelala," mkewe akamwambia. "Mwizi huyo kaingia. Haya! Salamu Maria, umejaa neema..."

Mzee akaruka. Salamu Maria ya kwanza ikaisha anatafuta miwani. Ya pili, ufunguo si wenyewe. Ya tatu, kabati limefunguka, bunduki imenasa mkanda wa koti. Ya nne yuko kwenye droo. Ya tano risasi moja imeanguka, imebingirika chini ya rafu ya soksi, na mzee kapiga magoti kuifuata. Ya sita Mama Filomena akaacha kusali, akakaa sakafuni kwa kicheko, na mzee huko chini ya rafu naye akaanza kucheka, hata Walter akageuka akajifuta macho.

"Mwizi keshafika Toronto na gari," Mzee Caetano akasema. "Keshaliosha."

Kilichofuata sikukitarajia. Mama Filomena aliponyanyuka, akaichukua ile nyepesi, ya alumini, yenye mtutu wa nambari ishirini, mwembamba, ambao teke lake ni dogo kuliko ule mnene wa nambari kumi na mbili. Nikamwonyesha kuweka kitako kwenye bega. Akalaza shavu kama aliyezaliwa nayo. Vidole vyake vina baridi yabisi, kile kitufe cha nyuma ya kifyatulio asingekiweza, lakini huu usalama wa juu gumba lake liliupata bila kutafuta.

"Hii ya nini?" akauliza.

Nikamweleza kwamba wengine huwinda bata, na wengine huenda uwanjani kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani na mashine.

"Sahani?" Akamtazama mumewe. "Miaka hamsini nimeosha za huyu. Caetano, lete fomu nyingine. Yako sitii sahihi. Yangu utatia wewe."

Na alitia, Baba. Pale pale juu ya kaunta yangu.

Jumamosi iliyofuata Joakimu na mimi tulikwenda kwao Unionville. Joakimu akaondoa bawaba za mlango, akapiga skrubu ndefu zinazofika kwenye mbao za ukuta, akaweka bamba la chuma kwenye komeo na taa inayowaka yenyewe mtu akisogea. Orlando alikuwepo, jamaa mkubwa mpole, anatushikia bisibisi kwa mkono mmoja. Wakakubaliana kwamba akija anapiga kengele mara tatu na kuita, hata kama ana funguo. Alipojaribu kwa mara ya kwanza, baba yake alimfungulia, akamshika lile bega zima, hakuliachia. Tulijifanya tunatafuta skrubu. Baadaye Mama Filomena akatupakulia wali wa nazi na samaki wa pilipili hadi Joakimu akalegeza mkanda.

Mama Filomena alihudhuria mafunzo, akafaulu mtihani kuliko vijana wote darasani. Leseni ikachukua miezi, ikaja mwisho wa Kwaresima. Akaja dukani amevaa kofia ya kanisani, akachukua ile ile ya gumba. Inakaa kabatini, imefungwa, na mzee hajui funguo ziko wapi wala hataki kujua. Ananiambia siku hizi analala hadi saa mbili.

Jana Jumapili ndipo walipotualika uwanjani. Tulimchukua na Neema. Unajua mjukuu wako, ukimsemesha Kiswahili anasikia kila neno na kujibu kwa Kiingereza, nami nimegombana naye hadi nimechoka. Tulimvalisha vizuia-sauti vya masikioni, akakaa na mimi nyuma ya kamba. Mzee Caetano alipewa zamu na mwalimu wa uwanja pembeni yake. Akapiga sahani mbili kati ya ishirini na tano, akadai upepo. Kisha akaingia Mama Filomena. Ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Ya tatu akakosa, akasema neno la Kitanga ambalo sitaliandika. Alipofika ya tisa, watu wa mistari mingine walikuwa wameacha kupiga, wanamtazama. Sahani ikaruka juu sana, nami nikasikia karibu na kiuno changu sauti nyembamba ikipiga kelele kwa nguvu zote:

"Piga, Bibi! Piga!"

Ikavunjika vipande, Baba. Kumi na nane kwa jumla.

Salamu zangu umfikishie nani? Mama mbele ya wote. Deo na mkewe, na mwambie Deo asiuze baiskeli. Shangazi Agnesi na mguu wake. Mama mdogo wa Songea mjini, mwambie vitenge vilifika na kimoja nimekishona. Bi Sofia, kama bado anachuma uyoga, mweleze kwamba jina lake limetajwa Kanada na limefanya kazi njema. Mzee Caetano naye anakusalimu, anasema angependa kuketi na wewe siku moja mzungumze mambo ya nguruwe. Barua hii anaibeba Sista anayerudi Peramiho, mpe chai.

Mimi niliye mbali lakini sijapotea,
binti yako,

Tekla