Sauna ya Kabati na Plagi Iliyolala na Vifungo

Mpendwa Shangazi wa gazeti, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi utanirudishia siku tukikutana, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika maana nyumbani kwangu kumechafuka na mimi si mtu wa kushindwa na jambo.

Mimi ni fundi wa makabati. Shule niliiacha mapema lakini mbao zinanijua, nikilipiga kabati vanishi linang'aa hadi mwenye nyumba anachania nywele mlangoni, kuna bwana mmoja alijiona kwenye kabati nililomtengenezea akadhani ni mgeni, akajikaribisha chai. Sasa mteja wangu mwingine alikuwa anabomoa chumba chake cha mazoezi, akanipa yale mabamba ya umeme ya sauna ya infraredi, yaani yanayotoa joto la miale, hakuna mvuke wala mawe ya moto, unaketi ndani ya kijumba cha mbao na joto linakuingia mwilini taratibu kama jua la asubuhi linalokufahamu tangu utotoni. Shangazi, ni kitu cha ajabu, aliyekibuni angekuwa jirani yangu ningempa kabati la bure.

Nikajenga kijumba hicho kwenye kona ya sebule, benchi safi, dirisha dogo la kioo, nikakipiga vanishi nje na ndani, na mlangoni nikatia kitasa cha shaba, kwa sababu tangu nianze kazi hii sijawahi kutoa mlango usio na kitasa. Mpwa wangu alipokiona akauliza, "Mjomba, hii ni sauna au kuna mtu unataka kumfungia?" Nikamwambia, "Cheka tu, utakuja kupanga foleni hapa." Umeme nikauchukua kwenye waya wa ekstensheni ambao ulikuwa tayari una friji na pasi ya mke wangu, ukavibeba vyote bila kunung'unika.

Mke wangu ni fundi cherehani, na hapa lazima nimsifie, maana yule mwanamke anauona mshono uliopinda mtu akiwa bado ng'ambo ya barabara, anamwita, anamrekebishia, hata kama nguo hakuishona yeye. Nilipowasha siku ya kwanza akasimama katikati ya sebule akasema, "Baba watoto, kuna kitu kinanuka." Nikamjibu, "Hiyo ni harufu ya maendeleo."

Nikaenda kumtembelea mama mkwe. Mama huyu ana magoti yanayomsumbua na anameza dawa za presha, na ndiye aliyenipa binti yake wakati ndugu zake wote wanasema nina mdomo mkubwa kuliko msumeno wangu, akawaambia, "Mdomo utachoka. Mikono yake mmeiona?" Siku zote namheshimu kwa neno hilo. Basi nikamweleza kwamba sauna imeninyoosha mgongo hadi nimerefuka, suruali zote sasa zinaishia kwenye ugoko, na goti likiingia mle linatoka linadai kamba liruke. Mama akacheka mpaka akafuta machozi, akanishika mkono akasema, "Mkwe wangu, kama ni hivyo hata zile dawa nitazipumzisha. Jumamosi nakuja."

Juzi nikaingia nijaribu, nia yangu nikae kuliko binadamu yeyote aliyewahi kukaa, kichwa kikaanza kugonga na macho kuwasha, nikajiambia huo ni ugonjwa unatoka, nikazidi kukaa. Nilipotaka kutoka kitasa kikakataa, joto lilikuwa limeutanua mlango. Nikagonga kistaarabu, halafu nikagonga bila ustaarabu. Mke wangu akaja. Hakupiga kelele hata moja, kwanza akachomoa waya ukutani, kisha akachukua mkasi wake wa kukatia suti, ule ambao mimi haniruhusu kukatia hata karatasi, akazifungua skrubu za bawaba kwa ncha yake, moja, nyingine, mpaka mlango mzima ukaja mikononi mwake kama kipande cha kitambaa. Shangazi, nimefanya kazi na mafundi wenye mitarimbo, sijawahi kuona mlango ukivuliwa kwa adabu vile.

Akanikalisha sakafuni, akaninywesha maji. Akaitazama soketi, imegeuka rangi ya kahawia. Akaikata plagi kwa mkasi uleule, akaitupa kwenye kopo lake la vifungo, akafunika. "Mama yangu haingii humo," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Sasa mimi najua tatizo ni dogo, kitasa nitakipaka mafuta kiteleze. Ninachotaka ni maneno matamu ya kumlainisha anirudishie plagi yangu, maana mama akifika Jumamosi akute sanduku limelala baridi kwenye kona, uso wangu nitauweka wapi?

Ni mimi,
Fundi Kioo, kama wanavyoniita mtaani.

*

Fundi Kioo,

Maneno matamu sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Barua yako nimeisoma nikicheka, nikairudia nimeshika kichwa.

Weka gazeti chini umpigie mama mkwe wako. Sasa hivi, si Ijumaa jioni. Usizunguke, usipambe. Mwambie, "Mama, lile la magoti nililikoleza chumvi. Dawa zako usiziache hata siku moja, na kabla ya kuingia kwenye joto kama hili tumwulize daktari wako." Joto hushusha presha, na mtu anayemeza dawa za presha anaweza kusimama kutoka kwenye benchi lako zuri akaanguka palepale. Viungo vinaweza kupata nafuu kwa joto, hilo silikatai, lakini sauna haijawahi kuchukua nafasi ya daktari. Mama huyu alisimama mbele ya ukoo wake akakutetea. Unataka kumlipa kwa kumlaza hospitali?

Umemaliza kupiga simu? Haya, tuje kwenye kabati lako, maana kwa kweli umejenga kabati. Kabati halipashwi moto, baba. Vanishi ikipata joto inatoa hewa mbaya, na wewe ukajifungia nayo ukaivuta. Kichwa kile hakikuwa ugonjwa unatoka, ulikuwa unaingia! Ng'oa mbao za ndani uweke nyingine, zilizopigwa randa zikaachwa hivyohivyo, bila vanishi wala rangi. Nje ng'arisha unavyotaka, wageni wachane nywele.

Kitasa, toa. Usikipake mafuta, toa. Mlango wa sauna unafunguka kwa nje, mtu aliyelegea ausukume kwa bega tu utii. Sumaku ndogo inatosha kuushikilia. Na huo umeme wa kugawana na friji na pasi ulikuwa unakutafutia moto wa nyumba. Mwite fundi umeme anayejua kazi yake akuvutie waya wa sauna peke yake kutoka kwenye swichi kuu, abadilishe soketi iliyoungua, na ayakague mabamba hayo ya kupewa kabla hujayaamini.

Ikishakuwa tayari, anza na joto dogo, dakika kumi kisha utoke. Kunywa maji kabla na baada, pombe usiiguse, na asikae mtu mle ndani bila mwingine nyumbani kujua. Kizunguzungu kikikujia, toka. Hakuna kombe linalotolewa kwa aliyekaa sana.

Sasa mkeo. Umemsifia vizuri kuliko ulivyolisifia sanduku lako, kisha ukaniomba nikusaidie kumzunguka! Mwanamke alinusa hatari siku ya kwanza, akachomoa waya kabla hajagusa kitu kingine, akauharibu mkasi wake wa suti kwa ajili yako, na hakukusimanga. Ningekuwa mimi ningekusimanga hadi leo. Mpelekee mkasi ukanolewe, na umshukuru kwa sauti, mpwa wako akiwepo asikie.

Jumamosi mama aje. Sanduku liwe baridi, mlango wazi, kitasa hakipo. Mkalishe kwenye benchi, apitishe kiganja kwenye mbao mpya ulizopiga randa mwenyewe. Uso wako hautapotea. Yeye hakukuchagua kwa ajili ya mdomo. Na siku hiyo, nakuomba, mdomo upumzike.

Plagi iache ilale na vifungo. Mwenye kopo atakuambia siku ya kuitoa.

Shangazi