Picha ya Bibi Mwamvita katika Nyumba ya Ibra

Ibra, Sharqiyah,
Oman.
12 Februari 2024

Mpendwa ndugu yangu Mahrous,

Asalaam alaykum. Salamu natanguliza, maana tumelelewa hivyo, hata pale moyo unapokuwa mzito. Natumai goti lako limepata nafuu na baridi ya Portsmouth haikutesi kama mwaka jana. Mkeo Badria na sukari yake vipi? Binti yako Rasha amekwisha kujifungua? Sisi huku wazima. Mimi nasumbuliwa na macho tu, lakini bado naona vya kutosha, na hilo ndilo lililokukasirisha.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara moja, na sitaurudia. Umeniita kizee mwenye mdomo. Umesema nimemvunjia mwanao Yazeed harusi mbele ya wakwe zake, na umenikataza kukanyaga nyumba ya babu. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu maneno ya simu watu huyakata vipande wakayasambaza watakako. Haya utayasoma yote, tangu mwanzo. Hukuwapo siku ile, kwa hiyo nitakueleza.

Nyumba imetengenezeka, sikatai. Dari lililoanguka limerudishwa kwa magogo ya mitende, mlango mkubwa umechongwa upya na mafundi wa Firq, na sabla ya chini, ukumbi wa wageni, imepakwa udongo kama zamani. Ukutani mwa sabla Yazeed alibandika ule ubao ulioutuma kutoka Uingereza, wenye nyumba zote za jina letu na watu wake wakubwa. Ipo nyumba ya Nizwa ya yule kadhi, ipo ya Sur ya yule nahodha, na katikati ipo hii ya Ibra, pamoja na babu yetu Sheikh Nasor Al-Sufaihi aliyekwenda Tabora kijana hana kitu akarudi bwana mkubwa. Juu umeandika kwa Kiarabu kizuri cha dhahabu: Nyumba na Watukufu wa Al-Sufaihi. Wale waliobeba pembe za ndovu vichwani ili nyumba hizo zijengwe hukuwataja, lakini hilo nilikuwa tayari kulimeza. Kila ukoo hujisifu.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Watu wa Ibtihal, mchumba wake Yazeed, walikuja kutoka Nizwa, magari matatu, baba yake, ami zake na shangazi zake. Yazeed alikuwa kavaa kanzu mpya na kilemba cha rangi ya maji ya bahari, anacheka na kila mtu. Nilifurahi kumwona vile. Hilo nataka ulijue.

Nikazunguka na fimbo yangu kuangalia picha. Nilipofika ya babu nikasimama. Ni ile picha ya Tabora, babu kakaa kitini na Bibi Mwamvita kakaa pembeni yake, kampakata ami yangu, baba yako, angali mchanga. Nilikuwa sijaiona tangu Unguja. Machozi yalinitoka. Kisha nikasoma maandishi ya chini, polepole, herufi kwa herufi, maana sikuamini. Umeandika: Sheikh Nasor, na mtumishi wake akimpakata mwanawe. Na pembeni umeandika kwamba mke wa sheikh alikuwa bibi mmoja wa watu wa Sur.

Bibi gani wa Sur, Mahrous? Anaitwa nani? Amezikwa wapi?

Nilimwita Yazeed kando. Nikamuuliza nani kaandika maneno yale.

"Baba katuma yote tayari," akanijibu. "Mimi nimebandika tu. Kwani imekosewa, shangazi?"

Nikamwangalia usoni nikaona hafichi kitu. Hajui. Mwanao ana miaka thelathini na hajui mama yake babu yake alikuwa nani. Nilikuwa naanza kumwambia pale pale, taratibu, wawili peke yetu, lakini shangazi yake Ibtihal akatukuta. Mwanamke mpole, hakuwa na nia mbaya. Akaonesha picha kwa kidole akaniuliza kwa Kiarabu, "Huyu mtumishi aliishi nanyi mpaka lini?"

Unasema ningenyamaza. Unasema ningecheka, nikamkaribisha halwa, nikakupigia simu baadaye. Ningeweza. Sikutaka. Nilimjibu kwa sauti yangu ya kawaida, na kama sabla nzima ilisikia, ni kwa kuwa sabla nzima ilikuwa imekwisha nyamaza.

"Huyo hakuwa mtumishi," nilisema. "Huyo ni Mwamvita, bibi yangu mimi, Mnyamwezi wa Tabora, mke wa ndoa wa Sheikh Nasor. Mtoto aliyempakata ni baba yake Mahrous."

Baba yake Ibtihal alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Akakiweka chini. Akamuuliza Yazeed, "Ni kweli?"

Yazeed akanitazama mimi, kisha picha. "Sikujua," akasema. "Lakini shangazi hasemi uongo."

Waliondoka kabla ya chakula. Wali na mbuzi mzima tukagawia majirani.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo nadhani hukulisahau, ila umelifukia. Mama yako alikufa ulipozaliwa. Aliyekulea ni Bibi Mwamvita, katika nyumba ya Malindi, Unguja. Siku ile ya mwaka sitini na nne, wanaume wenye mapanga walipopiga mlango, wewe ulikuwa chini ya kitanda na mimi nimekuziba mdomo kwa kiganja, na ulining'ata. Alama ningali nayo. Bibi alifungua mlango mwenyewe akatoka barazani.

Nilimsikia akiwauliza, "Mnamtaka nani? Humu mna wajukuu zangu."

Mmoja akamwambia, "Wewe bibi mtu wa wapi?"

"Tabora."

"Na hao wajukuu?"

"Nimekwambia wangu. Ukiwataka, anza na mimi."

Yule mtu akashusha panga lake, akasema mama yake naye alitoka huko, wakaenda zao nyumba ya pili. Nyumba ya pili unajua yaliyowapata. Siku ile hukuona haya kuwa mjukuu wa Mnyamwezi. Ulitoka chini ya kitanda ukamkumbatia miguu, ukakataa kumwachia mpaka usiku.

Huyo ndiye uliyemwandika mtumishi, ili watu wa Nizwa wasiulize asili ya mwanao.

Na harusi, kwa kuwa unaniita mvunjaji, sikiliza ilivyokwisha. Siku chache baada ya ile Ijumaa alikuja mzee mmoja wa Izki, rafiki wa pande zote mbili, na maneno ya baba yake Ibtihal. Baba huyo hakuwa amefunga mlango wa ndoa. Alisema posa itasimama kama ilivyo, kwa sharti kwamba picha itolewe na habari ile isitajwe tena, si na mimi wala na mtu mwingine wa nyumba hii. Mbele ya watu ibaki kama ulivyoandika wewe.

Nilikuwapo. Nilinyamaza kimya kabisa, Mahrous, naapa. Moyoni nilisema kama kijana atakubali sitamlaumu, maana anampenda yule binti na mimi nina umri wa kufa. Yazeed alimjazia mgeni kikombe cha kahawa. Kisha akamwambia yule mzee, "Mwambie namshukuru. Nikianza ndoa kwa kumkana bibi yangu, kesho nitamkana nani?" Mzee akajaribu tena. Yazeed akamsindikiza mpaka garini kwa heshima zote, akarudi ndani akafunga mlango wa chumba.

Ibtihal alinipigia simu mwenyewe, analia. Alisema yeye hana neno na Bibi Mwamvita wala na yeyote, lakini baba yake kasema basi, na yeye hawezi kumvunjia baba yake heshima. Binti mzuri. Nimemwonea huruma kuliko ninavyoweza kuandika, na kila nikimkumbuka hasira zangu juu yako zinapanda upya. Ungemwambia mwanao ukweli tangu mdogo, angekwenda Nizwa akaposa kwa uso mkunjufu, wakamkataa au wakamkubali siku ya kwanza. Wewe uliwaacha vijana wapendane juu ya uongo wako.

Mwanao kakonda. Kazini anakwenda, chakula anakula nikimsimamia. Ule ubao wako kaubandua wote, na kadhi na nahodha wake, kauweka stoo. Picha ya Tabora kairudisha ukutani peke yake. Chini yake kaandika kwa mkono jina la babu, jina la Bibi Mwamvita, na jina la baba yako. Kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Kiswahili chake kina makosa, sikumsahihisha.

Unasema utakuja mwezi wa nne kurudisha ubao mahali pake. Njoo. Mlango wa nyumba ya babu ni wako kama ulivyo wangu, na hakuna atakayekuzuia, tofauti na wewe ulivyonifanyia mimi. Lakini utaubandika mwenyewe, mbele ya Yazeed.

Ijumaa iliyopita aliniomba nimpeleke makaburini. Makaburi yetu hayana majina, unajua, ni mawe tu, na tangu tulipomleta Bibi huku Ibra akafia hapa, aliyebaki kujua jiwe lake ni mimi. Nikamwonesha. Tukasoma Fatiha. Akachuchumaa pale, akaondoa majani makavu kwa vidole. Nikadhani tunaondoka, mara akaniuliza bila ya kuinua kichwa.

"Shangazi, baba alikuwa akimwitaje?"

Ningependa kumficha hilo. Si kwa ajili yako, kwa ajili yake. Lakini nimechoka na kuficha.

Nikamwambia, "Alikuwa akimwita Mama."

Tangu siku hiyo simu zako hapokei. Sasa unajua kwa nini.

Nisalimie Badria, sina ugomvi naye. Mbusu Rasha, na akizaa mtoto wa kike mwambieni habari hii angali mdogo, kabla mtu hajamwandikia nyingine. Mola akupe afya, akupe na ujasiri wa kumtazama mwanao.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda tangu chini ya kile kitanda, na ambaye leo nakupenda kwa shida,

Ghalia